Mama Kila Mwaka na Milango ya Wodi ya Watoto Wachanga

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, afisa wetu wa mifumo ya usalama anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye jalada lake la ajira ana cheo kirefu. Humu hospitalini, kuanzia getini hadi chumba cha upasuaji, tunamwita Mama Kila Mwaka, naye huitika.

Alianza kama mtunza funguo, katika chumba chembamba nyuma ya mapokezi. Ukutani palikuwa na misumari mia mbili na kumi na minne, na kila ufunguo aliujua kwa kuupapasa tu. Ilipoletwa milango ya kadi, pamoja na kamera na ving'ora, wengi tulidhani kazi yake imekwisha. Yeye akaomba ruhusa kwenda kusoma. Alirudi na cheti, na swali ambalo halikumfurahisha mtu siku ya uzinduzi: programu zinazoendesha milango hii zitatunzwa kwa fungu gani mwakani? Alipoulizwa gharama hiyo itakoma lini, alijibu kwa upole kuwa ni ya kila mwaka. Jina likamganda hapo hapo.

Mumewe, fundi cherehani, hutuambia kuwa hata nyumbani hakuna nafuu. Binti yao alipoolewa, mama alimzawadia friji, na juu ya friji bahasha iliyoandikwa "matengenezo, mwaka wa kwanza hadi wa tano". Mkwe alicheka mpaka machozi. Friji ilipogoma mwaka wa tatu, alikuja mwenyewe kumshukuru mama mkwe.

Miaka tisa iliyopita, kamati ya bajeti ilikata kifungu chake chote ili jengo la mbele lipakwe rangi. Mhasibu mkuu, mtu makini asiyependa maneno mengi, alisema mlango ukishanunuliwa umenunuliwa. Mama alimjibu mara moja tu: "Mlango ni wetu, bwana mhasibu. Lakini mlango huo lazima uambiwe kila siku nani ameondoka kazini. Tukiacha kulipia huduma hiyo, utamfungulia yeyote aliyewahi kuwa na kadi." Hawakumsikiliza. Jengo likapakwa rangi, na kweli lilipendeza.

Miezi minane baadaye, akikagua wodi moja baada ya nyingine, aligundua kwamba hofu yake imetimia. Saa hiyo hiyo alimweka askari mlangoni pa wodi ya watoto wachanga na daftari la kuandika kila anayeingia. Kesho yake, saa nne asubuhi, kamati ilikuwa inakutana. Kwa ruhusa ya muuguzi mkuu, aliwaomba wajumbe waanzie kikao chao kwenye korido ya wodi ile, wakiwa wamesimama, dakika kumi tu.

Alitoa mfukoni kadi ya dobi mmoja aliyestaafu mwaka uliotangulia. Kadi ilikwishafutwa ofisini, na alitembea na karatasi ya kuthibitisha hilo. Akaigusisha mlangoni. Taa ikawaka kijani, mlango ukafunguka. Ndani, akina mama kumi na mmoja waliinua vichwa. Mmoja wao, aliyekuwa akinyonyesha, akawasalimu wajumbe kwa furaha akidhani wamekuja kuwaona. Alikuwa binti wa mhasibu mkuu. Mtoto alikuwa na siku mbili.

Mhasibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema, "Kirudisheni kifungu. Na iandikwe kuwa nimependekeza mimi."

Mama hakujua kuwa binti yule amelazwa pale. Angejua, alituambia baadaye, angechagua mlango mwingine, maana hakutaka kumshinda mtu kwa mjukuu wake. Ndivyo alivyo.

Tangu siku ile, hakuna kifaa kinachopita getini kwetu bila makadirio ya leseni, masasisho, mafunzo na siku ya kukibadilisha. Hospitali nyingine tatu zimetuma watu kuja kujifunza kwake. Na mhasibu mkuu, mpaka alipohama, ndiye aliyekuwa akimtetea kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki iliyopita tulifungua faili alilotuachia sisi tunaobaki. Tulitegemea makadirio ya mwakani. Tulikuta jedwali la miaka kumi na tano. Mwaka wa saba ameandika: "Kamera za ghorofa ya pili zitakuwa zimechoka, msisubiri zife." Mwaka wa mwisho kabisa ametenga fungu la milango minne ambayo haipo, ya wodi ambayo haijajengwa. Tukachungulia dirishani. Mahali pa wodi hiyo pana nyasi na kamba za kuanikia mashuka. Mama amewapangia usalama watoto ambao wazazi wao bado wako shuleni.

Asante, Mama, kwa kutuhangaikia mpaka huko tusikokuona. Pumzika sasa. Tunakutakia afya njema, nyumba yenye vicheko na miaka mingi ya kula matunda ya jasho lako. Makadirio yako ya mwaka wa kwanza yamepitishwa jana na kamati. Hakuna aliyenyanyua mkono kupinga.