Dada Ganzi, na Sindano Niliyoiacha kwenye Trei

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule. Tulizaliwa wawili tu. Alinibeba mgongoni hadi majirani wakamtania kwamba amezaa mapema.

Baada ya chuo cha uuguzi alisomea utoaji wa dawa za usingizi, akahitimu mwaka 1984. Alihudumu katika chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na mitatu, akina mama waliojifungua hapo wakamwita Dada Ganzi. Alijua ganzi ya mgongoni huisha baada ya saa chache, mama akabaki na kidonda na mtoto anayetaka kunyonya. Hivyo alidai kila aliyepasuliwa achomwe ganzi nyingine kabla ya kutoka mezani: ama kwenye kingo za kidonda, ama kati ya misuli ya tumbo, kushoto na kulia. Sisi madaktari tukisema tuna haraka, alitujibu, "Wewe unakwenda kunywa chai. Yeye anakwenda wapi?"

Mwaka 1986 aliolewa na fundi saa, aliyependa kusema, "Mke wangu analaza watu, mimi naamsha saa." Walijaliwa binti mmoja.

Tarehe 3 Februari 2016 binti huyo alijifungua kwa upasuaji. Aliyempasua ni mimi, mjomba wake. Dada, kwa kuwa ni mama mzazi, alisubiri nje, lakini aliniandalia ile ganzi ya kidonda kwenye trei. Sikuichoma. Hakukuwa na dharura. Nilikuwa na njaa. Jioni binti alilia, akashindwa hata kumpakata mtoto. Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, ulimchoma?"

"Nilimchoma, dada."

Akamgeukia mwanawe. "Basi jikaze, mama. Uoga tu huo."

Jina la Mwoga likamganda binti, na mimi nilicheka pamoja na wengine.

Agosti 2023 dada aligundulika na saratani ya kongosho. Kila wiki nilikwenda nimejiandaa kusema, nikaishia kuuliza kama amelala vizuri. Alifariki tarehe 14 Januari 2024, saa nne asubuhi, akiuguzwa na binti yake.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja na mimi mdogo wake. Mpwa wangu, hukuwa mwoga. Uliumia kwa sababu yangu, na mama yako amezikwa akiamini uongo wangu. Naona aibu kusimama hapa.

Dada, Mungu akupe pumziko la amani. Mimi sistahili kukuomba lolote.