Kevina na Pumzi za Alfajiri

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Kevina, fundi cherehani wa mtaa wa Mangateen hapa Juba, aliyetutoka wiki iliyopita kwa homa. Kevina, Mganda, mshonaji. Wengine wenu mnavaa kazi ya mikono yake bila kumjua.

Mumewe alirudi Uganda, akaoa huko. Kevina akabaki na cherehani na chumba cha mabati. Mchana wateja waliingia na kutoka. Jioni hakuwa na wa kumwambia hata kwamba chai imepoa.

Siku moja mama mgeni alimletea kitambaa cheupe, ashone suruali pana. Kevina akauliza ni ya sherehe gani. Mama akasema ni ya yoga, ile iitwayo Kundalini. Akamwonyesha palepale juu ya mkeka: mgongo wima, kilemba cheupe kichwani, pumzi za upesi kwa pua, tumbo likicheza. Kisha unatamka polepole, "Sat Nam," yaani ukweli ndio jina langu. Kila alfajiri, usiruke. Haikupita muda, mgeni akapanda ndege, akaenda zake.

Kevina akaanza peke yake. Mara ya kwanza alishiba mkate wa kisra na mchuzi kabla ya kuketi. Zile pumzi zikamrudishia vyote mkekani. Akapangusa, akacheka mwenyewe, kesho yake akaketi na njaa. Miguu ilikufa ganzi. Lakini alimwambia dada yake Mirembe kwa simu kwamba kichwa kinatulia, na usingizi umeanza kumjia.

Mabati hayafichi sauti. Wenzake wa kikundi cha maombi wakasikia, wakasema anaita mapepo. Jumapili hawakumpitia tena. Kanisani aliketi, benchi likabaki wazi kulia na kushoto. Immaculate, kiongozi wao, akaja kumtaka aache.

"Immaculate, nyinyi munanipenda Jumapili," Kevina akamjibu. "Hii ndiyo inaningoja kila asubuhi."

Barni naye, mama Msomali wa duka la jumla, alikiona kile kilemba, akaamini jirani amesilimu. Akaja na tende kumpongeza. Kevina alipomweleza, Barni alicheka mpaka akashika mlango.

"Malesh, samahani dada. Tende sirudishi. Kula tu, bado wewe iko jirani."

Tangu hapo, Barni akishaswali, alipita kuketi kigodani mpaka Kevina amalize. Wakanywa chai, kila mmoja akaenda kwenye kazi yake. Siku iliyobaki ilikuwa ndefu vilevile.

Mirembe alipokuja kuuchukua mwili, kikundi cha maombi kilifika, kikaimba vizuri. Kabla ya gari kuondoka, Mirembe akaomba mtu aliyekuwa akikaa na dada yake hapa Juba aseme neno. Watu wakatazamana. Immaculate akainama. Mirembe akaanza kulia upya.

Ndipo Barni akasogea kutoka nyuma.

"Mimi nilikuwa nakaa na yeye," akasema. "Hatukuongea mingi. Lakini mimi najua namna alikuwa anapumua."

Mirembe, pole sana wewe na familia yote. Barni, pole, mama. Immaculate na wenzako, poleni pia, nanyi mmefiwa.

Na sisi wengine, wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi, kabla hatujauliza jirani anaabudu nini, tumuulize ameamkaje. Kisha tukae kidogo, tusikie jibu.