Arvo Lampinen na Jirani Aliyepita Upande wa Upepo

Mchungaji, ndugu, jamaa na marafiki mliokanyaga theluji kufika hapa, familia ya Lampinen imempa kazi ya kusoma historia hii binti wa marehemu, Irja, na kwa kuwa msomaji hatakiwi kujizungumzia, Irja naye atatajwa humu kwa jina kama mtu mwingine, ila hasira yake mtaisikia, hilo hamtaliepuka.

Arvo Juhani Lampinen alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, ndani ya sauna ya wazazi wake, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke, kaskazini mwa Michigan, kama walivyozaliwa wengi wa rika lake, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kalle, mkata magogo, na mama Saima. Alisoma shule ya chumba kimoja, kisha sekondari, akamaliza mwaka 1959, na walimu wake wangekuwa hai wangeshuhudia kwamba kila tarehe 15 Novemba, msimu wa kuwinda kulungu ulipofunguliwa, kiti chake darasani kilikuwa kitupu, na cha mwalimu pia.

Tangu mwaka 1963 hadi 2003 alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji la wilaya, na wengi wenu mlifika hospitali kujifungua, au kuzaliwa, kwa sababu yeye alikuwa ametangulia barabarani. Tarehe 8 Juni 1968, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Helmi Ojala, wakajaliwa watoto wawili, Irja, aliyezaliwa 1969, na Reino, aliyezaliwa 1973, ambaye anaishi Arizona kwa ajili ya joto, na tumekwisha kumsamehe.

Sasa tufike kwenye dungu, maana najua nusu yenu mmekuja kusikia habari za dungu. Marehemu hakuwa mwindaji wa kuzurura, alikuwa mtu wa kukaa juu ya jukwaa lake la mbao, mgongo kwenye shina, na kungoja, na kwa miaka sitini ninyi hapa mlimuuliza siri yake, akawaambia bila kuficha, mkaenda dukani kununua chupa za manukato ya kuficha harufu ya mtu. Aliwaambia upepo uwe usoni kwako na kulungu wawe mbele yako, wasikunuse, na siku upepo ukigeuka usipande, rudi nyumbani ukanywe kahawa. Aliwaambia matawi yanayoziba macho yakatwe mwezi wa Agosti, wanyama wapate muda wa kuzoea, si wiki ya kuamkia msimu. Aliwaambia nguo za kuwindia zitundikwe bandani pamoja na matawi ya mierezi, siyo jikoni kwenye harufu ya vitunguu, na kwamba wakati wa mchana wenzako wanaposhuka kwenda kula ndipo ukae imara, maana hao wanaoshuka ndio wanaowaamsha kulungu. Mlimsikiliza, mkaitikia kwa vichwa, na saa sita mchana mlikuwa wote baa, mkilalamika kwamba msitu umekwisha.

Na aliwaambia mjifunge mkanda. Pale kituo cha mafuta kuna watu, nao wamo humu kanisani, wanaosema mzee alianguka kwa sababu ya ubishi wa uzee. Hakuanguka. Arvo Lampinen hakuwahi kupanda ngazi ile bila kujifunga kwenye shina, na ugonjwa ulipomkuta ni mkanda huo uliomshika, kwa hiyo wenye maneno hayo wayameze leo, pamoja na kahawa yetu.

Mwaka 2008 alipasuliwa magoti yote mawili, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au ndivyo Irja alivyoamini. Hakuweza tena kufika kule mlimani walikokuwa kulungu wakubwa, akajenga dungu fupi karibu na nyumba, kwenye ukingo wa kinamasi cha mierezi, mahali ambapo, kusema kweli, hapakuwa na kitu. Kati ya kinamasi hicho na shamba la jirani yake, Clayton Trevarrow, kuna kichaka cha misonobari ambamo kulungu hulala, na wakilala humo hawana sababu ya kutoka mchana. Na tangu mwaka 2009, kila asubuhi ya kufungua msimu, mara tu kulipopambazuka, saa ambayo Mkristo yeyote wa wilaya hii hakohoi wala hafungi mlango kwa nguvu, Trevarrow alishuka kukagua uzio wake, upande ule upepo unakotoka, mtemba wa tumbaku mdomoni, akipiga mluzi.

Ng'ombe wake wa mwisho aliuzwa mwaka 2007, mkumbuke hilo. Uzio ule haukuwa unazuia chochote.

Irja hakunyamaza. Alimfuata pale pale uzioni, mwaka 2014, akamwambia, "Bwana Trevarrow, mwaka una siku mia tatu sitini na tano, wewe huoni siku nyingine ya kukagua nguzo?"

"Uzio ni uzio, mama," alijibu.

"Na huo mtemba? Unamfukizia nani?"

"Mtemba ni mtemba."

Irja alimshtaki kwa askari wa wanyamapori, akaambiwa mtu hakatazwi kutembea shambani kwake. Alimshtaki kwa baba yake, naye akasema, "Mwache, uzio ni wake," kisha, kama kumtonesha binti yake kidonda, kila mwaka alipopata kulungu alikata paja moja zima na kwenda kulitundika kwenye kibaraza cha mtu yule yule. Irja aliona huo ni upole uliopita kiasi. Ndiye aliyekuwa akioka mkate wa iliki wa Krismasi kwa majirani wote tangu mama yetu Helmi alipofariki, tarehe 9 Februari 2012, na katika Krismasi zote hizo nyumba moja tu barabarani kwetu haikupata mkate. Mnaijua ni ipi.

Tarehe 15 Novemba 2023, asubuhi, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa dunguni. Aliyemkuta ni Trevarrow, aliyekata uzio kwa koleo, akavuka kinamasi maji yakiwa mapajani, akapanda ngazi na kumshikilia mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Jioni ile Irja alimkuta kwenye veranda ya hospitali, suruali imeganda barafu, akamuuliza alijuaje.

"Sikusikia bunduki," Clayton alisema. "Niliwapeleka watatu, dume kubwa mbele. Nikawaona wanaingia kwenye mierezi, pale pale pake. Nikangoja mlio. Haukuja. Baba yako hakosi dume lile."

"Uliwapeleka? Uliwapeleka vipi?"

"Kama kila mwaka. Wakinusa mtemba wangu wanatoka kwa baba yako. Na kwa magoti yale angewafuata wapi?" Kisha akamshika mkono. "Lakini usije ukamwambia, dada. Anadhani wanakuja wenyewe. Utamvunja moyo."

Irja aliingia wodini. Siku ya pili ulimi wa marehemu ulifunguka kidogo, na neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa, "Clayton." Irja akadhani anamlalamikia. "Mpe mkate," marehemu akasema. "Ananiletea kulungu. Tangu magoti."

"Baba, ulijua?"

"Mtu hakagui uzio usio na ng'ombe, binti yangu. Usimwambie kama najua. Ataona haya, ataacha."

Basi waombolezaji, mhukumu wenyewe. Wanaume wawili, wazee wa heshima, nyumba zao zinatazamana, mmoja anaitoa asubuhi ya kufungua msimu, ambayo mwanamume wa huku haitoi hata kwa harusi ya mwanawe, mwingine analipa kwa paja la nyama, kila mmoja anamchunga mwenzake asijue, na katikati wamemwacha mwanamke anatukana watu uzioni na kunyima mkate kama mchawi. Kwani kufungua mdomo kungewagharimu nini wazee hao? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wake umenipata mimi, kwa hiyo msinitazame kwa huruma, nimekasirika, na nitakasirika mpaka Pasaka.

Marehemu alifariki tarehe 4 Desemba 2023, alfajiri, watoto wake wote wawili wakiwa kando yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, vijana wa gari la wagonjwa, na madereva wenzake wa wilaya waliosafisha njia ya makaburini asubuhi hii kabla hata hatujaomba. Tunawashukuru majirani wote, na safari hii ni wote.

Clayton, alijua. Alijua tangu mwaka wa kwanza, na hakukwambia kwa kuogopa utaacha. Mikate yako iko jikoni kwa kina mama, imefungwa kitambaa cha Helmi, na usiondoke bila hiyo, maana nimeoka mmoja kwa kila Krismasi niliyokunyima na sina pa kuiweka. Na tarehe 15 Novemba mwakani nitakuwa juu ya lile dungu, nimejifunga mkanda, nguo zimelala kwenye mierezi. Uzio wako una tundu pale ulipoukata, nawe ni mtu wa kukagua uzio. Nakuomba uukague.

Baba, lala. Upepo uko usoni kwako.