Risala ya Wakazi wa Halvik Katika Jioni ya Bandama

Mgeni rasmi, Dkt. Renata Schauer, Mkuu wa Ofisi ya Hali ya Hewa ya kanda yetu, Mchungaji, majirani wa mjini na wa mashambani:

Makaribisho

Sisi wakazi wa Halvik tunakukaribisha tena katika ukumbi huu, baada ya Novemba moja kupita bila kuonana. Kahawa yetu bado ni nyepesi. Wewe mwenyewe uliwahi kusema kwamba unaona hadi kitako cha kikombe. Mikate ya viazi ipo, siagi ipo. Kiti kinachoelekeana na chako tumekiacha wazi. Unajua kilikuwa cha nani.

Historia

Babu zetu walipohamia tambarare hizi kutoka Norwe hawakuwa na redio wala ramani za hewa. Walikuwa na nguruwe. Walipochinja mwanzoni mwa baridi walitoa bandama wakalisoma: ncha moja ni Desemba, ncha ya pili ni Machi, na palipovimba pana dhoruba ya theluji. Wa mwisho kuijua kazi hiyo alikuwa Mzee Arvid Tveiten, aliyetutoka mwaka jana theluji ikiyeyuka.

Ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa bado afisa mdogo. Ulitundika ramani yako ukutani, na Mzee Arvid akasimama na bandama lake kwenye sahani.

"Hiyo buluu ni nini, binti?"

"Ni asilimia arobaini, mzee, kwamba baridi itazidi kawaida."

"Kumbe! Hata mimi huwa sijui, ila sikujua kwamba kutojua kuna rangi."

Ukumbi ulicheka. Nawe hukukubali. "Na hilo bandama lako, mzee, lina asilimia ngapi?"

"Mia. Likikosea, kosa ni la nguruwe."

Tangu siku hiyo hakuna aliyekosa jioni hii, labda mgonjwa.

Mafanikio

Tuseme kweli: Mzee Arvid alikosea mara nyingi. Mwaka mmoja alituahidi baridi ya upole, tukaifukua milango yetu kwenye theluji hadi Pasaka. Alipoulizwa, alisema nguruwe yule alinunuliwa jimbo jirani, Minnesota. Wewe pia umewahi kukosea, ingawa si sana, naye alikukumbusha kila mara ulipokuwa na chakula mdomoni.

Lakini mlipokuwa mkibishana, watu hawakuondoka. Wakisubiri mshindi, waliulizana nani amejaza gesi ya kupasha nyumba, na nani hajafunga kamba ya kumwongoza kutoka mlangoni hadi zizini theluji ikificha njia. Kabla birika la mwisho halijaisha, kila nyumba ilikuwa imepata jirani wa kuitazama taa yake ya uani. Taa isipowaka, jirani anakwenda. Hatukuwahi kuandika jambo hilo popote. Lilikaa hapa, katika jioni hii.

Changamoto

Mwaka jana hatukufungua ukumbi. Tuliona si adabu kuja kucheka wakati kaburi la Arvid halijaota nyasi. Mwelekeo wa majira ya baridi ulitufikia kwenye simu, na ulikuwa sahihi kabisa. Tunakushukuru. Ila simu haikuuliza nani anamtazama Bibi Thora Lunde, anayeishi peke yake mwisho wa barabara.

Dhoruba ya Januari ilipokuja, sisi wa mashariki tulidhani wa magharibi wanaitazama taa yake. Wao walidhani ni sisi. Tanuru la kupasha nyumba yake lilizimika. Jirani yetu Clayton Rud alipofika na trekta na kuvunja mlango, alimkuta jikoni amejiviringisha kwa mazulia, mbwa kifuani.

"Umechelewa, Clayton. Mbwa ameshaanza kuniangalia kama chakula."

"Nisamehe, Bibi. Nilidhani Arvid anakuangalia."

Akavua kofia, maana alisikia alichokisema. Bibi Thora akamshika mkono. "Hata mimi, mwanangu. Nilimngoja yeye."

Bibi alipoteza vidole viwili kwa baridi. Yuko hapa leo, meza ya mbele, na ametukataza tusimwonee huruma.

Maombi

Mgeni rasmi, tumesikia kwamba ofisi itaacha kutuma watu vijijini, na kwamba safari yako hii ni ya mwisho. Hatuombi mtambo. Hatuombi hata uhakika. Tunaomba mtu: wewe, au mwenzako yeyote asiyechukia kutaniwa, aje kila Novemba aketi nasi.

Bandama la mwaka huu lipo mezani. Mjane wa Arvid, anayeisoma risala hii, amelitazama tangu asubuhi, na haoni kitu ila bandama. Atajifunza. Atakosea, kama mumewe. Lakini ubishi hauwi wa mtu mmoja. Upande mmoja tumeuzika. Na wa pili ukituondokea, jioni hii itakuwa matanga, na matangani watu hunywa kikombe kimoja wakaaga.

Mungu akusafirishe salama, akupe afya, na awape wanao siku nyingi za kukuona. Kabla hujafungua ramani zako, tunaomba utuambie kama mwakani utakuja. Tutasikia hilo kwanza. Habari za baridi zitafuata.

Ni sisi,
Wakazi wa Halvik na mashamba ya jirani, Dakota Kaskazini

Imesomwa kwa niaba yao na Gudrun Tveiten