Mama Germana na Matundu ya Banda la Turubai

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Germana Mligo, mtunza mabanda na ghala la majani wa ushirika wetu wa maziwa hapa Makambako, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Anaondoka katikati ya msimu wa kukata majani, upepo umetupasua midomo na wote tuko hoi. Hata mimi niliyeandika haya yasomwe ukumbini kwenye hafla ya kumuaga, Amos Ngole, afisa mifugo, ningepewa leo siku mbili za kulala tu ningeshukuru. Lakini mama huyu anaondoka na barua ya onyo katika faili lake, na kabla hajavua koti la kazi ni haki yake ijulikane ilifikaje humo.

Alizaliwa Ludewa, akaolewa Makambako, akaanza kazi mwaka 1994 akiwa mkamuaji. Miaka sita baadaye akakabidhiwa ghala. Tangu hapo hakuna robota la majani lililoingia bila yeye kulichomeka mkono hadi kwenye kiwiko, kuutoa na kuunusa. Mwenyekiti wetu, Mzee Yusto Mwalongo, aliwahi kuleta majani ya shambani kwake yakiwa na unyevu. Yalirudishwa yote, tena mbele za watu! Mzee alinuna wiki mbili, kisha akayaanika upya kama mwanachama mwingine yeyote.

Agosti 2018 upepo uling'oa bati za ghala, na mvua za kwanza zikalowesha nusu ya majani. Bodi ikabidi ichague: kuezeka bati tena, au kununua banda la turubai zito linalovutwa juu ya fremu ya mabomba, majani yakae upande mmoja na ndama upande wa pili. Wauzaji wakaja na picha za kupendeza. Mama Germana hakutaka picha. Aliuliza turubai lina uzito gani, nguzo zinafungwaje ardhini, na kama lori lililojaa litaingia bila kugusa juu. Kisha akauliza mvuke wa pumzi za ndama utatokea wapi. Muuzaji mmoja alikohoa, akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Hakuridhika. Alidandia pikapu hadi Matamba, alikosikia kuna banda la namna hiyo, akashinda huko kutwa akipapasa majani ya juu na ya chini. Alirudi vumbi tupu, akaiambia bodi ichukue la turubai, ila lenye matundu juu ya paa na pembeni, na matundu hayo yasizibwe hata baridi iwe kali namna gani. Bodi ikamsikiliza. Banda hilo limesimama hadi leo na upepo wetu huu.

Sasa niseme la kwangu, maana nimechoka nalo. Juni 2019 baridi ilikuwa ya kugandisha maji kwenye ndoo. Sisi watu wa huku baridi ikiingia tunafunga madirisha, tunaziba hadi upenyo wa chini ya mlango na kusogelea jiko. Nikawaonea ndama huruma. Mama Germana alikuwa Manda, kwenye msiba wa dada yake, nami nikaagiza matundu yote yazibwe kwa viroba. Niliona nimewavika sweta. Aliporudi baada ya wiki mbili, maji yalikuwa yanadondoka kutoka ndani ya turubai, majani yameota ukungu na ndama wanakohoa. Alivichomoa viroba vyote siku hiyo hiyo, akiwa bado na nguo za msiba. Ndama wanne wa wanachama walikufa.

Bodi, bila kuuliza nani aliagiza viroba, iliandika kwamba kosa ni la mtunza banda, ingawa hakuwepo. Mimi nilikuwemo kikaoni, nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Yeye alijua fika ni nani aliyeagiza, lakini alipokea barua, akasaini, akarudi kwa ndama. Baadaye aliniambia tu kwamba mimi bado nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio na mke wangu ni mjamzito, na kwamba barua moja haingemfukuzisha yeye kazi. Hakuligusa tena. Ila barua hiyo ilimnyima usimamizi wa shamba mara mbili, na Bi. Elina Sanga, aliyepoteza ndama wake wa pekee, ana miaka sita hajaitikia salamu yake. Wakikutana njiani, mmoja huvuka upande wa pili.

Leo asubuhi nimempelekea mwenyekiti maelezo yangu yenye saini, nikiomba barua ile iondolewe. Kama kazi yangu itaondoka nayo, basi. Bi. Elina, najua umo ukumbini. Wa kumnunia ni mimi, nimekaa karibu na mlango. Ndama wako nilimuua mimi kwa huruma ya kijinga, na mama huyu ndiye aliyekesha naye mpaka mwisho.

Mama Germana, ahsante kwa majani makavu ya miaka yote hiyo, na unisamehe kwa kuchelewa. Wafanyakazi wenzako tunakuombea afya na mapumziko mema nyumbani kwako. Upite kila njia ya Makambako, mama, na kila utakayemsalimu akuitikie.