Nukta Nyekundu kwenye Picha ya Kankindi

Sogeeni wanangu, na wewe Philbert zima kwanza hiyo redio, maana nitakayosema leo nayasema mara moja tu, kifua hiki hakina tena pumzi ya kurudia. Theodosia, weka kalamu chini. Mambo ya karatasi nimeshayamaliza kwa mwenyekiti wa kitongoji: shamba la Bugarama, migomba yake na kahawa yake, mtagawana nusu kwa nusu, mpaka ni ule mtaro wa maji, nyumba hii ya hapa Ngara mjini ni yenu wote wawili, na asitokee wa kumwambia mwenzake ahame. Hayo yamekwisha. Niliyowaitia ni mengine.

Mnanijua sipendi maneno ya kuzunguka. Miaka thelathini na minane nimechora kwa mkono huu, nikaanza na vibao vya saluni na bucha, nikaingia kwenye rangi ya mafuta bila kufundishwa na mtu yeyote, na hakuna mteja kati ya hapa na Biharamulo anayeweza kusimama akasema Frednand alimdanganya. Malongo mwenye gesti aliponiambia niwapake ng'ombe wangu kijani ili wafanane na makochi yake, niliibeba picha kichwani mpaka stendi, nikamwambia akachore makochi mwenyewe. Hadithi hiyo mmekua nayo, mnaisimulia mpaka kwa wakwe zenu, na mimi nimekuwa nikikaa pembeni nikichekelea. Basi leo jueni kwamba huyo huyo mnayemsifu ana jambo moja dogo, la ukubwa wa punje ya mtama, na limemkaa kooni miaka kumi na moja.

Linamhusu Ndayisenga wa Keza. Usigune, Theodosia. Najua nilikataza jina hilo lisitajwe mezani pangu, na najua niliwaambia hana shukrani. Nisikilizeni mpaka mwisho, ndipo mgune.

Ndayisenga alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, Kankindi, wakapata kipande cha ardhi kule Keza wakalima. Nilipomjua alikuwa mtu mzima mwenye mke. Siku hiyo alikuwa ameleta maharage sokoni, akasimama mlangoni kwangu kuangalia ninavyochora, akasahau kilichomleta, mpaka gunia lake likanyeshewa. Nilicheka, nikampa brashi kuukuu yenye manyoya machache kuliko nyusi zangu za sasa. Nikamfundisha kukaza kitambaa kwenye fremu, kukipaka uji wa muhogo kabla ya rangi, kusubiri mafuta yakauke wakati wa masika bila kuweka kidole. Akaniita Mwalimu. Shikamoo Mwalimu, kwa heri Mwalimu. Mimi niliyeishia darasa la saba, wanangu, neno lile lilinikaa mwilini kama koti jipya.

Mwaka wa tatu nikaanza kulichukia, na nitawaambia kwa nini. Alinijia na picha ya uso wa mtu. Mnajua nyuso nilizochora mimi: nilikamua tyubu nyeusi, nikaweka nyeupe kidogo kwenye paji la uso, na watu wangu wote wakatoka wanang'aa kama viatu vilivyopigwa kiwi. Wateja walinunua kwa sababu hawakuwa wameona kingine. Uso aliouleta Ndayisenga ulikuwa na damu ndani. Ulikuwa mweusi, lakini weusi wenye joto, kama udongo uliopigwa na mvua halafu jua likarudi, na ukisogea unaona rangi zinapita chini yake usizoweza kuzitaja. Akaniambia, kwa furaha kabisa, bila ujanja wowote, "Mwalimu, nimepata namna ya kutengeneza weusi bila ile tyubu nyeusi. Nikuonyeshe?"

Nikamwambia, "Brashi nilikupa mimi. Nenda kalime."

Akaenda. Nami nikafunga mlango nikachanganya rangi siku nzima, na ya pili, na ya tatu, nikapata matope. Mama yenu Leonsia, Mungu amlaze pema, aliniona siwezi kula akakimbia kuniletea dawa ya malaria. Nikaimeza. Ningemwambia nini? Kwamba ninaumwa picha ya mtu mwingine?

Sasa mnakumbuka yale maonyesho ya Mwanza, mimi na yeye tukachaguliwa kutoka wilaya hii. Tulisafiri kiti kimoja, picha zetu tumezivingirisha kwenye mikeka, naye njia nzima ananimenyea machungwa. Mimi nilipeleka ng'ombe watano wa pembe ndefu wakinywa maji mto Kagera. Yeye alipeleka mama yake. Kankindi amesimama mlangoni na ungo wa maharage, mwanga uko nyuma yake, uso uko kivulini, na ndani ya kivuli kile unamwona mzima, mpaka uchovu wake, mpaka na neno alilokuwa karibu kusema. Watu waliingia ukumbini, wakawapita ng'ombe wangu kama watu wanaopita ukuta, wakaenda kusimama pale. Siku mbili nzima nimekaa kwenye kiti changu nikihesabu migongo.

Pale ukumbini kulikuwa na desturi, na mimi ndiye niliyemweleza Ndayisenga maana yake. Picha ikipata mnunuzi, dada wa mapokezi hubandika nukta nyekundu ya karatasi kwenye kona ya fremu, na picha hubaki ukutani hadi siku ya kufunga, ila kila mtu anajua imeshapata mwenyewe, hakuna tena wa kuiulizia. Siku ya tatu mchana akaja mama mmoja wa Bukoba, akasimama mbele ya Kankindi mpaka machozi yakamlengalenga, halafu akatoka kumwita mumewe aliyekuwa kwenye gari. Dada wa mapokezi alikuwa amekwenda kula. Karatasi yake ya nukta ilikuwa mezani.

Nilibandua moja. Hivi, kwa ukucha. Nikaibandika kwenye fremu ya Kankindi, na karatasi iliyobaki nikaitia mfukoni, nikarudi kukaa.

Yule mama aliporudi na mumewe akaiona, akasonya, akazunguka ukumbi mzima akiwa amevunjika moyo, na mwisho, kwa kuwa hakutaka kurudi nyumbani mikono mitupu, akanunua ng'ombe wangu. Tazameni juu. Bati hizi mnazozisikia mvua ikinyesha ni ng'ombe wale. Mmekua chini ya nukta ile.

Ngojeni. Maji kidogo.

Haya. Ndayisenga alikuwa nje akizungumza na watu. Alipoingia akaiona nukta, alinishika mikono yote miwili. "Mwalimu," akasema, "mama amepata mtu." Nikamwambia hongera. Siku ya kufunga hakutokea mtu, dada wa mapokezi akapekua daftari asione jina, akadhani kosa ni lake, akamwambia aende na picha na aache namba ya simu, mnunuzi atampigia. Akairudisha Keza ameifunga kwenye kitenge, nukta ikiwa pale pale.

Nilidhani atasubiri mwezi, atachoka, atamuuzia mwingine. Hapo ndipo nilipokosea, wanangu, kwa sababu nilimpima kwa kipimo changu. Paroko aliitaka picha ile, akakataliwa. Watu wa mashirika walikuja na gari mpaka mlangoni, wakakataliwa. Si yangu, aliwaambia, ni ya mtu, sijui tu yuko wapi. Laini ya simu hajabadili mpaka leo, eti mwenye mali asije akapiga akamkosa. Na ukutani hakuitundika, kwa sababu mali ya mtu haitundikwi ikapata moshi. Mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu kwa uaminifu wilaya nzima, na mkulima wa maharage ananizidi hata hapo. Weusi amenizidi, na hilo pia amenizidi. Mnaona jinsi linavyouma? Hata ninapokiri, linalouma zaidi ni kwamba amenizidi.

Miaka minne iliyopita Kankindi alifariki. Nilikwenda msibani. Mbele ya jeneza walikuwa wameweka picha ya kitambulisho cha kura, wameikuza mpaka uso ukawa ukungu, huwezi kujua kama ni Kankindi au ni jirani yake. Mzee mmoja akamuuliza Ndayisenga kwa nini asiitoe ile ya chumbani, watu wamuage mama vizuri. Akasema ile ina mwenyewe. Halafu akaja kukaa karibu yangu kwenye benchi, akanong'ona, "Mwalimu, wewe unayajua mambo ya mjini. Mnunuzi anaweza kukawia kiasi gani?"

Nikamjibu, "Wengine hukawia."

Nilikuwa na kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi. Nikanywa.

Philbert, naona unafungua mdomo, na ninajua unachotaka kusema: twende tukainunue, tumalize. Funga. Hilo nililifikiria kabla yako, nikapanga hata kumtuma mtu ajifanye ndiye mnunuzi aliyepotea, nikaona huo ni uongo mwingine juu ya uongo. Hamtakwenda na fedha. Mtakwenda nyie wawili, mchana, kwa pikipiki, mtampa shikamoo yake kama mzazi wenu. Kwenye kopo langu la brashi, chini kabisa, kuna ile karatasi ya nukta, imepungua moja. Mpeni mkononi. Mwambieni aliyebandika ni Frednand, kwa ukucha, kwa sababu ya wivu, na yule mama wa Bukoba alilia machozi mbele ya picha yake. Hilo la machozi msilisahau, ni haki yake kulijua. Mkishamwambia, nukta aibandue mwenyewe, msimsaidie. Ndipo Kankindi atundikwe kwenye ukuta wa mwanawe.

Stendi yangu ya kuchorea ni yake. Brashi zote, kisu cha rangi, kile kibao cha kuchanganyia, vyote vyake. Theodosia, usilie, wewe hukuwahi kupenda harufu ya tapentaini. Akisema na bati ni zake, pandeni mkazing'oe nyinyi, msimwache apande mwenyewe, umri umekwenda. Akiwafukuza, ondokeni bila kujibu. Na msije kunidanganya kaburini kwamba amenisamehe kama hakusema hivyo.

Sitawaficha, nimefika hapa na wivu wangu bado, nimezeeka nao, sijui padri ataufanyaje. Kwa hiyo kuna moja la mwisho. Kama atawakaribisha kukaa, kama sura yake itakuwa imetulia... muulizeni ule weusi. Aliuchanganyaje. Kipi kinatangulia. Mje mniambie, hata nikiwa nimeshafukiwa, semeni kwa sauti.

Njooni niwashike vichwa. Philbert. Theodosia. Mungu awape macho ya kufurahia kizuri hata kikiwa mkononi mwa jirani, hayo baba yenu hakuyapata. Muwe na chakula, muwe na watoto, msinuniane. Amina. Semeni amina, mimi siwezi tena kwa nguvu.

Fungueni dirisha. Zaidi. Jua limeshuka... kivuli cha kopo pale ukutani, mnakiona? Nilikichora maisha yangu yote, kila siku kwa tyubu ile ile.

Si cheusi kile. Tazameni, kina bluu... kina udongo ndani.

Si cheusi hata kidogo.