Mpira wa Filta ya Zamani

Kwenye basi, mshonaji alijifanya anasinzia, lakini masikio aliyatega. Mbele yake, mwanamume alikuwa akijigamba kwa baba mkwe wake: amebadilisha filta ya oili ya gari nyumbani, akaivisha mfuko wa plastiki kabla ya kuifungua, na uani halikudondoka hata tone.

"Na mpira wa filta ya zamani, ulitoka nayo?" mzee aliuliza.

"Sikuangalia, baba."

"Ukibaki kwenye injini, filta mpya haikaziki. Oili yote itamwagika. Na mwanangu yuko barabarani na gari hilo."

Mwanamume alimpigia mkewe simu, iliita, iliita. Mshonaji, roho juu, alisahau kujifanya anasinzia. Basi lilipokuwa linasimama, sauti ya mwanamke ikasikika kwenye simu: "Kuna taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi."

Mzee aliipokonya simu. "Zima gari, mama. Zima sasa hivi."